Daktari wa Magari Mazima

Juzi kijana mmoja wa ofisi za kaunti alileta gari lake kwangu hapa Kanamkemer, ingawa kila mtu Lodwar anajua nimestaafu na mikono yangu siku hizi inashika rimoti na kikombe tu. Nikamuuliza gari lina shida gani. Akasema halina shida yoyote. Alichotaka ni nifungue boneti, nisimame kando na spana mkononi na sura ya msiba, anipige picha. Picha ile angeitupa kwenye kundi la familia kwenye simu, maana Jumamosi kulikuwa na harusi Lokori na shangazi saba walishaandika kwamba watapanda kwake.

Nilimwambia amshukuru Mungu kwamba nimezeeka, la sivyo ningemgonga na hiyo spana. Halafu nikasimama, nikakunja uso, akapiga picha. Nikamwambia aipige tena, kwa sababu ile ya kwanza nilikuwa nacheka.

Kwa hivyo msinione mtakatifu. Ila ninyi vijana mnadhani ujanja huo mmeuvumbua wenyewe, na hapo ndipo mnaponiudhi. Ujanja huo ni wangu. Niliufanya kuwa kazi kabla wengi wenu hamjazaliwa, nikala nao, nikavaa nao, na mwishowe ukamla mama mmoja mguu. Kaeni niwaeleze, na mwenye haraka aende, barabara siku hizi ni ya lami.

Nilipotoka Lokori kuja kutafuta kazi Lodwar, gari la nyumbani lilikuwa kitu cha kuoneshwa kwa kidole. Magari yalikuwa ya serikali, ya misheni na ya wenye maduka. Lakini magari ya watu, yale yanayolala kwa mtu na kuamka naye, yalikuwa machache hata tuliyajua kwa sauti. Ukisikia gia inaingia kwa kelele unajua ni karani fulani, na ukisikia imeingia kwa kelele zaidi unajua karani amegombana na mkewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Farah, Msomali mrefu mkavu, mwenye gereji ya mabati karibu na mto. Alikuwa amezunguka na malori tangu ujana mpaka mgongo ukakataa, ndipo akatulia. Hakuwa na kompyuta ya kupima injini kama hizi zenu. Alikuwa na fimbo. Anaweka ncha moja kwenye injini, ncha nyingine kwenye sikio, anafumba macho, halafu anakwambia, "Valvu ya tatu." Ukifungua, ni valvu ya tatu. Tangi la petroli likitoboka anakanda kipande cha sabuni ya kufulia, anaziba, unafika Kitale. Gari likizima mchana kwa sababu petroli imechemka ndani ya bomba, anafunga kitambaa chenye maji kwenye pampu, anakaa kivulini, na baada ya chai moja gari linawaka. Hayo hayajaandikwa popote, kwa hivyo yaandikeni.

Alikuwa na sheria moja asiyoichezea. Kila gari lilikuwa na mkebe wake wa maziwa ya unga, na chochote ulichokifungua, hata nati ndogo, kinaingia kwenye mkebe ule na mkebe unawekwa chini ya gari. "Waria," aliniambia siku ya kwanza, kwa lile neno la Kisomali la kumwita kijana, "kitu ya gari inalala na gari." Niliisikia. Kuitii ni jambo lingine.

Sasa niwaambie shida ya kuwa na gari kwetu. Mturkana hanyimi. Ukiwa na tumbaku utaombwa, ukiwa na mbuzi utaombwa, na ukisema huna wakati unacho, aibu hiyo itakutangulia kila unakokwenda. Gari basi ndilo balaa kabisa, kwa sababu mbuzi ukimtoa ametoka, lakini gari likishabeba mtu mmoja linarudi, na wengine wanaliona limerudi. Mwalimu Ekal alikuwa wa kwanza katika ukoo wake kununua gari, dogo la rangi ya maziwa. Mwezi wa kwanza alibeba maharusi, maiti, magunia ya makaa, kasisi na ng'ombe mdogo. Mwezi wa pili akaja gereji akiwa amekonda.

"Ewoi," akaniambia kwa sauti ya chini, "hili gari haliwezi kuwa gonjwa kidogo?"

Nilimwelewa papo hapo. Gari zima huwezi kumnyima mtu, lakini gari gonjwa hakuna wa kukulaumu. Nikafungua kifuniko cha distribyuta, nikachomoa rota. Hiki ni kijiplastiki kidogo kinachoingia kiganjani, kinazunguka mle ndani na kuzigawia plagi moto. Bila hicho unaweza kulisukuma gari mpaka Uganda na halitaguna. Ndugu zake wakija, wanaonyeshwa boneti iliyo wazi. Mwalimu akitaka kwenda Kitale na mkewe, ananiambia siku moja kabla, nakirudisha, gari linapona kwa neema ya Mungu.

Habari zikaenea kwa wenye magari wengine, kimyakimya, na nikawa daktari. Tofauti yangu na wale wa hospitali ni kwamba wagonjwa wangu walikuja wakiwa wazima. Niliwagawia magonjwa kulingana na urefu wa kukaa. Siku tatu ni kabureta. Wiki mbili ni gia. Ndugu wa mke wakiwa wamekuja kutoka mbali na hawaonyeshi dalili ya kuondoka, naandika injini. Watu walikuja kuyatazama magari na kuyapa pole. Mjomba mmoja wa Mwalimu alitandika ngozi yake kando ya gari, akakaa siku tatu akilingoja lipone limpeleke na mbuzi wake, na Mwalimu siku zote tatu alitoka kwake mwenyewe kwa njia ya nyuma kwenda shule. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mzee Farah hakujua. Mtu anayeswali swala tano hungemwambia biashara hiyo. Kwa hivyo rota haikuweza kukaa mkebeni, angeiona. Ilikaa mfukoni mwangu.

Siku ya mkasa wenyewe niliamka kwenda Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilikuwa bado changa, malori ya chakula yanaingia kila wiki, na tajiri mmoja alikuwa na lori limekaa kule na ekseli iliyovunjika. Siku hizo hukwenda Kakuma wala hukutoka bila msafara wenye askari, kwa ajili ya majambazi wa njiani. Ukifika umefika, unarudi msafara ukirudi. Gari la Mwalimu nilikuwa nimelilaza jana yake pale gereji, kabureta. Nikapanda lori la mbele na spana zangu, na rota yake mfukoni, na sikuikumbuka hata kidogo.

Asubuhi hiyohiyo mama yake Mwalimu Ekal, ambaye sisi wote tulimwita Mama, alikwenda kuokota kuni karibu na boma lake, upande wa njia ya Namoruputh. Nyoka akamuuma kifundo cha mguu. Binamu mwenye baiskeli akaikanyaga kupitia mchanga ule wote, akafika kwa Mwalimu adhuhuri. Kwa gari ilikuwa saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Kabla jua halijatua Mama angekuwa kitandani hospitalini anadungwa sindano.

Mwalimu alikimbia mpaka gereji bila viatu. Mzee Farah alinihadithia baadaye. Alisema Mwalimu alitumbukiza mkono kwenye mkebe, akautoa mtupu, akaketi chini. "Rota iko wapi?" aliuliza Mzee Farah, ameshafungua kifuniko cha distribyuta. Mwalimu akasema, "Iko na Ewoi." "Ewoi iko wapi?" Mwalimu akanyoosha mkono upande wa Kakuma, maana vumbi la msafara wote wawili walikuwa wameliona.

Mzee Farah alijaribu. Alichonga ya mti, ikaungua. Akajaribu ya gari lingine, haikuingia. Yale magari mengine machache ya watu yaliyokuwa mjini, mnajua yalikuwa katika hali gani, maana mnajua daktari wao alikuwa nani. Ya serikali na ya misheni yalikuwa safarini, ya wenye maduka yamekwenda na msafara. Mama aliletwa kesho yake mchana, juu ya lori lililokuwa limebeba mbuzi. Alipona. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Mimi nilirudi siku ya tatu, nimenunua kofia mpya, napiga mluzi. Mzee Farah alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakunijibu salamu. Akanyoosha mkono, nikaelewa, nikaingiza mkono mfukoni nikampa kile kiplastiki. Akakitazama.

"Wewe," akasema, "umetembea Kakuma na mguu ya mama ya watu ndani ya mfuko."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliniambia niende nikamwambie yule mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, na mpaka nifanye hivyo nisimwite mwalimu wangu.

Nilikwenda hospitalini. Mwalimu Ekal alinidaka kwenye korido kabla sijafika wodini, akanivuta kando, macho mekundu. "Tafadhali," akasema. "Anajua gari ilikuwa imeharibika, basi. Akijua ni mimi nilitaka iharibike, nitamtazama vipi?" Nami, niwaambie ukweli, nilifurahi kuombwa. Mwoga hupenda sana kuombwa anyamaze. Nikampa Mama pole kama wageni wengine, nikaacha kofia yangu mpya pale kitandani, sijui kwa nini, nikaondoka.

Toka hapo gari la Mwalimu halikuugua tena. Kila Jumapili saa tatu lilitoka kwenda kwa Mama, kwa sababu alikataa katakata kuhamia mjini. Likimkuta, analipanda, kiti cha mbele, mguu mmoja na fimbo, anasema anakotaka: kwa dada yake, kwenye kisima kutazama ngamia, kanisani, au hakuna mahali, tuzunguke tu. Mimi nilikuwa nyuma. Mwalimu alisema ananibeba kwa ajili ya matengenezo, lakini sote wawili tulijua nabebwa kwa ajili ya dhambi.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Siku moja Mwalimu alikwenda na ndugu yake kutazama mbuzi mgonjwa, nikabaki na Mama kwenye kivuli cha boma. Nikaona nisiposema leo nitakufa nayo. Tulikuwa tunazungumza Kiturkana, ninyi nawasimulia kwa Kiswahili.

"Mama, gari siku ile halikuwa limeharibika."

Akaendelea kutafuna tumbaku.

"Nilichomoa kitu, nikaenda nacho Kakuma. Ndiyo maana mwanao hakuja."

"Ekal alikuambia ukichomoe?"

Nikainama kutazama vidole vyangu.

"Nani mwingine anajua unaniambia?"

"Mzee Farah peke yake."

"Vizuri. Basi Ekal asijue kwamba nimejua."

Nikashangaa. Nikamwambia, kwa nini asimwache mwanawe aombe msamaha, moyo wake utulie, maana mtu yule halali.

"Hicho ndicho nisichotaka, atulie," Mama akasema. "Akija kuomba msamaha nitamsamehe, ni mtoto wangu, nitafanya nini? Nikimsamehe atalala vizuri. Akianza kulala vizuri, Jumapili atalala mpaka saa sita. Kabla ya mguu huu kukatwa nilikuwa namwona Krismasi, Ewoi. Krismasi! Na anaondoka kabla chai haijapoa. Mguu umekwenda, haurudi. Mtoto amerudi. Sasa wewe unataka nipoteze vyote viwili?"

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, Mama?"

"Wewe sijakusamehe. Wewe endelea kutengeneza gari."

Nilimrudia Mzee Farah, nikamsimulia neno kwa neno. Akashika ndevu, akasema yule mama angezaliwa Garissa angekuwa na malori hamsini. Siku hiyo alianza kunijibu salamu.

Basi Jumapili zikaendelea, na kama mnataka kujua jinsi magari ya nyumbani yalivyobadilika huku kwetu, mimi niliyaona yote nikiwa kiti cha nyuma cha familia moja. Lile la rangi ya maziwa lilikufa kifo cha kweli. Likaja pikapu la dizeli, nami nikahamia nyuma kwa mbuzi, na nikajifunza kwamba dizeli haina plagi, kwa hivyo ugonjwa wake unataka akili mpya. Baadaye yakaja haya madogo ya kutoka Japani, yaliyotumika kwanza na watu wa huko, na kila nesi na kila karani akaanza kuwa na lake. Wanawake wakaendesha, na kusema kweli waliyatunza kuliko waume zao. La Mwalimu lilikuwa chini mno, lilizama kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga mtupu. Nikapunguza upepo kwenye matairi, nikaweka matawi, likatoka. Mkikwama mchangani msikanyage mafuta kama wendawazimu, toeni upepo kwanza. Mama alikaa ndani wakati wote akitoa maagizo.

Ilipokuja serikali ya kaunti, na mikopo, na lami, hata ua mdogo kabisa hapa Kanamkemer ukapata gari chini ya turubai, na gereji zikajaa vijana wenye mashine za kuchomeka. Gari la mwisho la Mwalimu lilipowasha taa nyekundu tulilipeleka Kakuma kwa fundi Mkongo wa kambini, kijana mpole sana, akachomeka waya wake, akasema, "Papa, mashini inasema sensa moja imekufa." Nikamwambia mimi nimezika marafiki wengi na hakuna aliyetangazwa kwa haraka hivyo. Gari hilohilo lina kamera ya nyuma. Mara ya kwanza Mwalimu aliporudi nyuma nalo, Mama aliona kwenye kioo kile kidogo mbuzi anatembea, akaruka.

"Ekal! Huyo ni mbuzi wangu! Amefanya nini mpaka amewekwa huko ndani?"

Zaidi ya miaka thelathini, ndugu zangu. Nilimkumbusha Mama mara nyingi, tukibaki wawili. "Bado hujanisamehe?" Naye alinijibu kila mara kwamba anasikia kelele chini ya gari, upande wa kulia, niangalie. Nilikuwa nalala chini ya gari kwenye kokoto natafuta kelele ambayo haikuwapo. Fundi niliyeyapa magari mazima magonjwa ya uongo, nikatibu ugonjwa wa uongo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mzee Farah alitangulia. Mama akafuata mwaka jana, kwa uzee tu, usingizini, akiwa nyumbani kwake alikokataa kuhama. Tulimzika kule. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi Mwalimu Ekal alikuja kwangu kwa miguu, akakaa, akashika kikombe cha chai bila kukinywa. Amestaafu naye, ana magoti mabovu. Akaniambia kitu kimoja kinamla: kwamba Mama amekufa bila kujua ukweli wa lile gari.

Ahadi yangu kwa Mama ilikuwa Ekal asijue. Nilifikiri, yeye yuko ardhini, huyu yuko mbele yangu anadhoofika. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mguu, Krismasi, chai isiyopoa, kulala mpaka saa sita.

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikadhani atanirukia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, halafu nikaona si kicheko. "Mama huyu," alisema. "Mama huyu! Mwaka wa kwanza? Alijua tangu mwaka wa kwanza?" Nikamwambia ndiyo. Akalia kwa sauti, mzee mzima, mpaka jirani akachungulia ukutani, nami nikalia naye, na chai ikapoa.

Wiki iliyofuata nilikaa nikijua sasa Jumapili ni yangu. Saa tatu kamili honi ikalia mlangoni. Nilitoka nikamkuta kwenye usukani, shati limepigwa pasi.

"Mwalimu," nikamwambia, "Mama ameshazikwa. Umemaliza."

"Nimemaliza vipi? Msamaha sikuomba, kwa hivyo sikupewa. Na wewe uliomba ukanyimwa." Akainama, akanifungulia mlango. "Kuna mwanamke jirani ya boma la Mama, mimba yake ni ya miezi minane, na kule hakuna gari lingine la kumleta hospitalini. Ingia, Ewoi, tumechelewa."